Noti ya Bi Pili

Kariakoo, Dar es Salaam

Mdogo wangu Esta,

Shikamoo yako niliisikia kwenye simu, lakini sidhani kama marahaba yangu ilikufikia, maana laini ilikatika hapo hapo. Basi ipokee humu: marahaba, mdogo wangu. Goti linaendeleaje? Mikorosho imeshika maua, au upepo umeyapukutisha tena? Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Macho yananiruhusu kusoma asubuhi tu, miguu inanifikisha mpaka Msimbazi na kunirudisha, na kikohozi cha vumbi nimekizoea kama mpangaji mwenzangu.

Ningeweza kukupigia tena. Lakini simu wewe unaipokea dukani, mbele ya wateja, na ninalotaka kukueleza halifai kusikiwa na mtu aliyesimama akisubiri kupimiwa chumvi. Mwambie mjukuu wako akusomee mkiwa wawili tu, na asiruke mahali.

Ulisema droo ya duka lako haijai. Unauza kutwa, jioni ukiifungua fedha zimepungua, na watu wa hapo wameshakunong'oneza kwamba ni Mama Shaibu, yule mjane aliyehamia upande wa kisimani. Eti fedha yake ni chuma ulete: ikiingia kwenye droo inaondoka na wenzake na kumrudia mwenyewe. Ukaniuliza mimi kaka yako, niliyesoma, je, umkatalie? Nilikujibu kwamba nitafikiri. Nimefikiri, Esta. Nitakusimulia kilichotokea hapa mtaani kwetu, kisha uamue mwenyewe.

Unalikumbuka sanduku la bati chumbani kwangu? Ulipokuja kunitazama ulilikalia, ukidhani lina nguo. Lina riwaya, karibu zote za Wamarekani. Nilizipata nilipokuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji karibu na Posta. Mwalimu mmoja wa Kimarekani alikuwa anarudi kwao, akauona mzigo mzito, akaniachia. Ni vitabu vya miji yao ilipokuwa inapanda juu kwa haraka, zama za viwanda na reli, watu wakitoka mashambani na ng'ambo kuja kupanga vyumba visivyo na dirisha.

Waandishi wale walikuwa na njia yao. Wa kwanza walisema, tuache mabibi wa majumba makubwa, tuandike mwanamke anayefua, bei ya makaa, harufu ya ngazi. Waliowafuata walikwenda mbali zaidi, wakawa wakavu kama daktari anayepasua maiti. Walisema mtu haendeshwi na moyo wake tu. Anasukumwa na njaa, na kodi ya chumba, na baridi, na damu aliyozaliwa nayo, na mji wenyewe, ambao haumpendi wala haumchukii. Katika vitabu hivyo utamtafuta mtu mbaya usimpate. Mwenye nyumba anadai kodi kwa sababu naye anadaiwa. Msimamizi anamwondoa mgonjwa kazini kwa sababu mashine haingoji. Na mwandishi amesimama dirishani, anaandika anachokiona, halii. Nilipokuwa kijana niliwaona wakatili. Sasa nawaona ni watu wa adabu tu, kwa sababu hawamdanganyi msomaji.

Alasiri nakaa kwenye kijiwe cha kahawa, kwenye baraza la duka la Mangi. Hapa mjini muuza duka yeyote wa kutoka Kilimanjaro tunamwita Mangi, na huyu wetu ameuza unga, sukari na mafuta kwenye mlango ule ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Pale kijiweni huwa nawasimulia wenzangu vitabu vyangu, kidogo kidogo, kwa Kiswahili. Wananiita Mwalimu ingawa sijafundisha darasa hata moja.

Mara hii niliwasimulia habari za dobi mmoja, mwanamke wa mji wa theluji, aliyekuwa akipiga pasi mashati ya watu wenye ofisi. Akaungua mkono. Alipopona, kiwanda kilikuwa kimeleta mashine ya mvuke. Akahama kutoka ghorofa ya tatu hadi ya chini, kutoka ya chini hadi kwenye chumba cha chini ya ardhi, na kila alipohama watu walikuwa wapole kwake na walimwambia samahani. Siku moja anasimama mbele ya dirisha la duka na kuliona shati alilolipiga pasi yeye mwenyewe zamani, analijua kwa mkunjo wa kola. Mwandishi hasemi alihisi nini. Anaandika bei ya shati, basi.

Nilipofika hapo Mangi, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani huku akifunga sukari kwenye mifuko, akatoa kichwa nje.

"Sasa Mwalimu, nani alimroga?"

"Hakurogwa."

"Haiwezekani. Mtu hashuki ngazi zote hizo hivi hivi."

"Ni mji, Mangi. Mashine, kodi, baridi."

"Mji ni nyumba na barabara," akasema. "Nyumba haimchukii mtu. Lazima kuna mtu. Mwandishi wako anamjua, kaogopa kumtaja."

Wenzangu wote wakawa upande wake. Chande, mchukuzi wa magunia, kijana mwenye mdomo mwepesi, akasema, "Ni yule mwenye mashine, mzee. Si unaona alivyonyamaza kitabu kizima?" Tukacheka.

Mangi hakucheka. Biashara yake ilikuwa imeanza kuzama. Mbele ya duka wanajenga ghorofa, na mabati ya ujenzi yameziba upande wake wote, hata anayemtafuta hamwoni. Wauzaji wa jumla wa mtaa wa pili wameanza kupima kilo moja moja. Vijana wanaagiza unga kwa simu, unaletwa na bodaboda mpaka mlangoni. Sababu zote hizo Mangi alizijua, alishazitaja mwenyewe akihesabu kwa vidole. Lakini mabati utayafanya nini, Esta? Utayatukana?

Akamtafuta mtu, na mtu alikuwa karibu.

Bi Pili alikuwa mpangaji mwenzangu, chumba cha mwisho kilicho karibu na choo. Mwanamke wa Rufiji, mjane, umri wetu. Alikaanga vitumbua kila alfajiri kwenye kona ya baraza lile lile la Mangi, wachukuzi wakavila kabla ya kuanza kubeba. Mangi akifungua mlango, mteja wa kwanza ni yeye: sukari, mafuta, hiliki kidogo. Noti alizitoa kwenye pindo la khanga, na chenji hakuipokea mkononi. Alikuwa akisema, "Niwekee hapo mwanangu," na Mangi anamwekea juu ya kaunta. Sababu naijua kwa kuwa nimeishi naye ua mmoja. Mafuta ya moto yalikuwa yameua ncha za vidole vyake. Hakuisikia noti ikiwa mkononi, hakujua kama ameshika moja au mbili, alitaka kuiona kwa macho. Hakupenda kulisema hilo mbele za watu.

Asubuhi moja nilikuwa dukani nanunua mkate. Bi Pili akaweka noti yake juu ya kaunta, akaagiza kama kawaida. Mangi hakuigusa.

"Sukari leo hakuna, bibi."

Gunia lilikuwa wazi pale, upawa umesimama ndani.

"Na ile?"

"Ile ya mtu."

"Haya. Nipe mafuta."

"Nayo ya mtu."

"Mangi, mwanangu, kwani duka zima ni la mtu?"

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, kwa sababu alidhani ni utani. Ndipo Chande, aliyekuwa nje anasubiri kitumbua chake, akamaliza kazi. "Bibi, tuambie na sisi basi. Unavuta kwa noti, au sarafu nazo zinavuta?"

Nilimwona akielewa. Aliichukua noti, akaikunja, akajaribu kuifunga kwenye pindo, na vidole vile havikuweza. Nikamfungia mimi.

Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua, na kila mtu alikuwa na ushahidi. Mmoja anasema wenye chuma ulete hawapokei chenji mkononi, mwingine anasema hapana, hao hung'ang'ania wapewe mkononi, na wote wawili wanakubaliana kwamba ni yeye. Muuza vocha akasema alipe kwa simu tu, uchawi haupiti hewani. Akajibiwa kwamba huko hewani ndiko unakopita vizuri, hauna hata foleni. Walikuwa wanachekesha kweli, Esta. Nami nilicheka kwa ile ya foleni kabla sijakumbuka ni nani anayesemwa.

Sukari alikwenda kuitafuta mtaa wa pili, kisha wa tatu. Kila alipofika habari zilikuwa zimeshafika. Akakaanga kwa alichokuwa nacho ndani, vitumbua visivyo na utamu. Wachukuzi wakaja, wakala, lakini ilipofika wakati wa kulipa hawakulipa. Chande alinyanyua mikono juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki. "Bibi, nakuheshimu, lakini nikikupa yangu utazivuta zote. Acha nile hivi hivi, kwa usalama wangu." Wenzake nao wakala kwa usalama wao. Sinia likaisha, na pindo la khanga likabaki vile vile.

Kwa niliyokueleza humu, unajua kwamba mtu maskini kwenye riwaya huanguka pale fedha inapomwishia. Bi Pili alikuwa nazo. Alikuwa amedunduliza kwa miaka, ziko chini ya godoro, zinatosha kodi na chakula na hata jiko jipya. Hakukuwa na wa kuzipokea.

Nilijaribu, usidhani nilikaa tu. Nilizichukua noti zake, nikaenda kwa Mangi kununua sukari kama ya kwangu. Mangi aliinua noti kwenye mwanga, akainusa.

"Mwalimu, hii ni yako au ya yule?"

"Fedha ina jina la mtu?"

"Zako zinanuka vitabu. Hii inanuka hiliki."

Kijiwe kizima kikapiga makofi kwa jibu hilo. Akanirudishia. Kesho yake nilipofuata mkate kwa fedha yangu halisi, ya pensheni, mkate nao ukawa wa mtu. Ikanibidi nitembee mpaka karibu na Msimbazi kununua kwa wasionijua.

Bi Pili aliliona hilo kabla sijamwambia. Alinikuta uani. "Acha, Mwalimu. Wakikukataa na wewe, nani atanisomea maandishi ya dawa?"

Kodi ilipofika alimpelekea mwenye nyumba, Mama Rukia, mwanamke wa swala tano ambaye sijawahi kumsikia akimtukana mtu. Hakuipokea. Nilimfuata sebuleni kwake nikamuuliza kama anamfukuza.

"Simfukuzi, Mwalimu. Hajalipa kodi, ndilo jambo."

"Amekuletea."

"Ameleta, sijapokea. Nina haki ya kutopokea. Yeye hana haki ya kutolipa." Akaninywesha chai. Alisema anamhurumia sana, na ninaamini alimhurumia.

Ndivyo Bi Pili alivyotolewa chumbani kwa kutolipa kodi, akiwa ameishika kodi mkononi. Nimevisoma vitabu vyote vilivyo katika sanduku lile, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyefikiria ukatili safi namna hiyo.

Siku ya kuondoka alikuwa amefunga vyombo vyake kwenye shuka, kikaango juu. Akaja akaketi mlangoni kwangu.

"Yule dobi wako wa Amerika," akasema, "nilikuwa nasikia pale barazani nikichagua mchele. Mwisho sikuusikia. Aliishaje?"

Nilifikiri kumtungia mwisho mwingine. Ningeweza, angekuwa yeye peke yake wa kuujua. Lakini alikuwa akiniangalia usoni kama anayeangalia mizani, na nikamweleza ulivyo: anakufa kwenye chumba cha chini, majirani wanagombania blanketi, na asubuhi chumba kinapangishwa kwa mwingine kabla hakijapoa.

Akasema, "Afadhali yeye. Hakuwa na pesa."

Akafungua pindo. Alichelewa sana kulifungua, nami sikumsaidia kwa sababu niliona hataki. Akatoa noti moja ya shilingi elfu kumi. "Hii ya hadithi. Pokea."

"Bi Pili, hadithi haiuzwi."

"Usiniwekee maneno. Nyoosha mkono."

Nikaunyoosha mkono. Hakuiweka sakafuni wala juu ya sanduku. Aliibandika kwenye kiganja changu, akavifunga vidole vyangu juu yake, na vyake juu ya vyangu, akabonyeza. Halafu akajitwisha mzigo akatoka.

Nilisikia kwamba alifika Ilala, akapata kona, akaanza kukaanga upya, na kwa muda mfupi watu walimpenda. Kisha Chande akapeleka mzigo huko. Chande si mtu mbaya. Alimwona, akafurahi kumwona, akamwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Bi Pili! Chuma ulete wetu! Kumbe umehamia huku?" Tangu hapo sijapata mtu wa kuniambia yuko wapi. Nimekwenda Ilala, nimeuliza kwa wauza vitumbua wote. Wanasema hawamjui, na wakati wanasema wanaziangalia droo zao.

Ungetaka kujua kama biashara ya Mangi ilirudi. Haikurudi. Mabati yapo, simu zipo, na wa jumla bado wanapima kilo moja moja. Alifunga duka kabla ya mwezi wa Krismasi, na safari hii hakwenda kwao mlimani kama wenzake, kwa sababu mtu wa kule asiye na cha kurudi nacho hukaa huku na kusema ana kazi nyingi. Mlango wake sasa unauza makava ya simu. Yeye anakuja kijiweni kila alasiri, anakunywa kahawa ya kukopa. Juzi aliniambia, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba yule bibi aliacha kitu ndani ya droo na ndiyo maana hata alipoondoka mambo hayakutengemaa. Nikamuuliza kama angependa nimsimulie kitabu kingine. Akasema ndiyo, ila safari hii kiwe na mchawi.

Basi nirudi kwako. Ulisema mwenzio mmoja wa hapo kijijini amefungua duka kubwa karibu na stendi, na kwamba korosho za mwaka jana hazikuwa na bei. Ulilisema hilo kwa sentensi moja, haraka, kisha ukatumia muda uliobaki wote wa maongezi kumzungumzia Mama Shaibu. Sitaongeza neno hapo.

Noti ya Bi Pili nakutumia ndani ya bahasha hii. Ni halali, ni safi, na bado inanuka hiliki. Nakuomba uitumie dukani kwako: jiuzie chumvi, uitie kwenye droo pamoja na zako. Na kwa kuwa nimekwambia mambo ya wengine bila kuyapunguza, nikwambie na hili. Tangu aliponipa, noti hii imekaa ndani ya kitabu cha yule dobi. Pensheni yangu inakaa kwenye pochi. Nimepitia wiki za kunywa chai kavu, kitabu kiko hapo juu ya sanduku, na sikuichukua. Kila mara nilijiambia ni kumbukumbu. Leo, wakati naitia kwenye bahasha, nilijikuta naishika kwa ncha mbili za vidole. Mimi, Esta, mwenye sanduku zima la vitabu. Kwa hiyo sijui kama nakutumia ili wewe uipokee, au ili iondoke chumbani kwangu.

Nisalimie shemeji yako mkubwa na umwambie dawa ya macho nimeiulizia, ipo. Msalimie binti yako mwalimu, na mumewe, na mchungaji mstaafu anayenitumia salamu za kanisani kila mwaka kana kwamba ninakuja Pasaka. Mjukuu wangu anayekusomea barua hii apokee pole, nimemchosha, na asimwambie mtu.

Mama Shaibu sijui nimpe salamu gani. Akija asubuhi kununua chumvi, toa kwanza hii noti yangu uishike, uone mkono wako unafanya nini. Halafu ndipo umsalimie, au usimsalimie.

Nakukumbuka sana, kuliko ninavyojua kuandika.

Kaka yako,
Barnaba